UZI: Rehani za udanganyifu Arusha na Moshi – zinavyosukwa, zinavyoonekana, na zinavyovuruga bei za nyumba

#1 JiweLaMpaka

Wakuu, salaam.

Humu ndani swali hili haliishi: "Nyumba iko Moshono, bei nzuri, hati iko benki, dalali anasema haina shida, ninunue?" Anayeuliza anajibiwa "kuwa makini", uzi unafungwa. Tuweke mambo wazi hapa ili mtu ajue aangalie nini hasa.

Rehani ya udanganyifu husukwa kabla afisa mikopo hajafungua jalada. Huku kwetu zinazorudiwa mno ni hizi.

Ya kwanza ni mwenza bandia. Hati ina jina la mume peke yake. Anaapa kwamba hajaoa, au anapeleka kwa wakili mwanamke mwingine anayesaini kama mkewe. Sheria ya Ardhi, kifungu cha 114, inasema rehani ya nyumba ya ndoa ni halali pale tu mwenza aliporidhia, na Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inasema hivyo hivyo. Mabadiliko ya 2008 yaliongeza kwamba mkopaji anayedanganya kwa kiapo kuhusu kuwepo kwa mwenza anatenda kosa, na faini yake haipungui nusu ya fedha za mkopo, au kifungo. Wanaosuka mambo haya wanategemea kwamba hakuna atakayefika nyumbani kuuliza.

Ya pili, nyumba siyo ile. Hati ni ya kiwanja kitupu Olasiti au Muriet. Mthamini akifika anaonyeshwa nyumba ya vyumba vinne, yenye uzio na kisima, ya mtu mwingine mitaa miwili mbele. Picha zinapigwa, ripoti inatoka safi.

Ya tatu, thamani ya kupuliza. Nyumba ya milioni 120 inaandikiwa milioni 200. Benki ikikopesha asilimia 70 inatoa milioni 140, zaidi ya bei ya nyumba yenyewe. Hapo mkopaji hana sababu ya kurejesha.

Ya nne, hati iliyopotea bila kupotea. Hati halisi iko kwenye droo ya mkopeshaji binafsi, amepewa mkononi bila kusajili chochote. Mwenye nyumba anakwenda polisi, anatoa taarifa ya upotevu, tangazo linatoka kwenye Gazeti la Serikali, hakuna anayepinga, anapewa hati mpya. Hiyo mpya ndiyo inayokwenda benki. Yule mkopeshaji wa kwanza anabaki na karatasi.

Wenye ujuzi wa uthamini, upimaji na sheria, karibuni mwongeze nyama.

---

#2 Neema_wa_Sakina

Asante mkuu. Swali langu ni la mnunuzi wa kawaida: sechi, yaani ukaguzi wa kumbukumbu za hati kwa Msajili wa Hati, inafanyikaje, na inaonyesha nini hasa? Wengi tunaletewa nakala ya sechi na muuzaji mwenyewe.

---

#3 Kaveti

Dada Neema, sechi uliyoletewa na muuzaji iweke pembeni. Fanya yako.

Unahitaji nakala ya hati inayosomeka: namba ya hati, namba ya kiwanja, kitalu, na eneo. Unaandika maombi kwa Msajili wa Hati, unapewa namba ya malipo ya serikali, unalipa, unasubiri majibu ya maandishi yenye muhuri. Kwa miaka mingi hati za Arusha na Kilimanjaro zilisajiliwa Moshi. Mwaka 2020 wizara ilifungua ofisi za ardhi za mikoa, kwa hiyo ukiwa na hati ya zamani ya Arusha na ukaambiwa jalada halionekani, uliza kwanza liko ofisi ipi kabla hujaanza kushuku.

Kwenye majibu soma vitu vinne. Jina la mmiliki, herufi kwa herufi. Muda wa miliki na tarehe ulipoanza, kwa sababu hati ya miaka 33 iliyotolewa 1998 imebakiza muda mfupi na benki nyingi hazitaigusa. Kisha vizuizi: rehani, kaveti (zuio linalosajiliwa kwenye hati na mtu mwenye maslahi), amri ya mahakama. Mwisho, miamala ya nyuma. Ukiona rehani imesajiliwa na kufutwa, omba nakala ya waraka wa kuifuta uliosajiliwa, halafu peleka barua tawi la benki husika waulizwe kama ni wao waliousaini. Waraka wa kufuta rehani hughushiwa kwa sababu mnunuzi akishaona neno "imefutwa" huwa haulizi zaidi.

Jambo ambalo watu wanalisahau: sechi ni ya tarehe ile ile. Haikulindi wiki mbili baadaye. Fanya kabla ya kusaini mkataba, kisha rudia asubuhi ya siku ya kulipa. Kuirudia ni gharama ndogo sana ukilinganisha na nyumba.

Na sechi haioni kila kitu. Haioni mkopeshaji binafsi aliyeshika hati bila kusajili. Haioni ndoa. Kwa hiyo dai kuiona hati halisi mkononi, na anayekwambia "iko kwa mtu anitunzie" mwambie huyo mtu aje nayo.

---

#4 Mtambuzi_wa_Bikoni

Naongezea kwenye ile ya nyumba siyo ile, kwa sababu hapa kuna kosa linalowachanganya hata watu makini.

Kila hati iliyopimwa ina mchoro wa kiwanja nyuma, wenye namba za bikoni (alama za mipaka ya kiwanja), urefu wa kila upande na rejea ya ramani ya upimaji. Watu siku hizi wanaomba viwianishi (namba zinazoonyesha mahali) vya bikoni, wanaviingiza kwenye ramani ya simu, wanajikuta katikati ya shamba la mtu. Wanapiga kelele kwamba wametapeliwa. Huenda hawajatapeliwa.

Ramani nyingi za zamani za Tanzania zilipimwa kwa mfumo uitwao Arc 1960. Simu yako inatumia WGS84. Namba zile zile, mifumo tofauti, na tofauti yake huku kwetu ni takribani mita 300, zaidi kwa upande wa kaskazini na kusini. Mita 300 pale Kwa Mrombo ni mtaa mwingine kabisa. Tapeli anayejua jambo hili analitumia kwa namna mbili: anakupa viwianishi vya kweli visivyobadilishwa ili "uthibitishe" nyumba anayotaka uione, au ukimshtukia anakwambia "ni tofauti ya mifumo tu" wakati kiwanja si chake kweli.

Dawa: mpima ardhi aliyesajiliwa, afike na kipimio, atafute bikoni zenyewe ardhini. Vipande vya chuma kwenye zege, mara nyingi vimefunikwa na udongo au uzio. Apime upande mmoja kwa utepe na kulinganisha na mchoro. Mchoro ukisema mita 25.40 na ardhini ni 31, simama hapo hapo. Baada ya hapo nenda kwa balozi wa nyumba kumi na majirani wawili, mmoja kila upande, uliza jirani yao anaitwa nani. Usiwaambie jina kwanza. Swali "hapa ni kwa fulani, eti?" linajibiwa "ndiyo" na mtu yeyote mstaarabu.

---

#5 Mzee_wa_Pasua

Vijana mmesema vizuri. Ila mnazungumzia Arusha zaidi. Huku Moshi tatizo kubwa liko kwenye mirathi na vihamba, mashamba ya ukoo ya Wachagga.

Baba amefariki, nyumba ya Majengo au Soweto ina hati kwa jina lake. Mtoto mmoja anateuliwa msimamizi wa mirathi, anakwenda kwa Msajili, jina lake linaingia kwenye hati kama msimamizi. Hapo sheria inampa kazi ya kukusanya na kugawa. Yeye anaweka nyumba rehani, anachukua mkopo wa biashara yake, ndugu wanasikia siku dalali wa mnada anapobandika tangazo getini.

Anayenunua au kukopesha akiona neno "msimamizi" kwenye hati, adai vitu hivi: barua ya usimamizi kutoka mahakamani, orodha ya warithi iliyowasilishwa pale mahakamani, na muhtasari wa kikao cha ukoo wenye sahihi za warithi wote wakikubali rehani hiyo hiyo, kwa kiasi hicho hicho. Muhtasari ulioandikwa "tumekubali asimamie mali" hautoshi. Kukubali mtu asimamie mali si kukubali akope kwa mali hiyo.

Kihamba ni habari nyingine. Kibosho, Mbokomu, Old Moshi, ardhi nyingi haina hati ya Msajili, kwa hiyo sechi anayoizungumzia Kaveti haipo. Kilichopo ni majirani, ukoo, na halmashauri ya kijiji. Ikiwa kuna hati ya haki miliki ya kimila, masijala yake iko kijijini, na huko ndiko pa kuuliza. Muhuri wa mwenyekiti kwenye karatasi ya mauziano unathibitisha kwamba watu walikuja wakasaini mbele yake. Hauthibitishi kwamba aliyesaini ana haki ya kuuza.

---

#6 Tumaini_K

Shikamoo mzee. Na wale wakopeshaji wa mtaani wanaomsainisha mtu mkataba wa mauziano badala ya mkataba wa mkopo? Hilo nalo ni rehani ya udanganyifu au ni jambo jingine?

---

#7 Kaveti

Ni jambo hilo hilo, mdogo wangu, na pengine ndilo linaloumiza watu wengi kuliko yote yaliyotajwa juu.

Linavyokwenda: mtu anahitaji milioni 10 ya haraka, hospitali au ada. Nyumba yake Sombetini ina thamani ya milioni 60. Mkopeshaji anaandaa mkataba unaosema "nimemuuzia fulani nyumba yangu kwa milioni 10, nimepokea zote". Pembeni wanakubaliana kwa mdomo kwamba akirudisha 13 ndani ya miezi mitatu mkataba utachanwa. Mkopaji anasainishwa pia fomu za uhamisho, namba 29, 30 na 35, tarehe ikiachwa wazi. Siku ikipita, tarehe inajazwa, fomu zinapelekwa, na anayedaiwa anageuka mpangaji ndani ya nyumba yake.

Rehani ya kweli ina ulinzi. Kifungu cha 127 cha Sheria ya Ardhi kinadai notisi ya maandishi na siku 60 kabla ya kuuza. Kabla ya mnada kuna tangazo la siku 14. Kifungu cha 133 kinamtaka muuzaji atafute bei bora inayowezekana. Ikiuzwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko, sheria inachukulia kwamba amekiuka wajibu wake mpaka athibitishe vinginevyo. Mkataba wa mauziano unamvua mkopaji ulinzi wote huo, na ndiyo sababu wanaupenda.

Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, anayekopesha kama biashara anatakiwa awe na leseni. Omba kuiona kabla ya kusaini. Na usisaini fomu yenye nafasi wazi, hata kama ni ya ndugu yako.

Kama mtu tayari amesaini, ushahidi wake ni ule unaoonyesha kwamba ulikuwa mkopo: ujumbe wa simu unaotaja "rejesho" au "riba", miamala ya fedha kwenda kwa "mnunuzi" baada ya "kuuza", bei iliyo mbali mno na soko, na kwamba muuzaji aliendelea kuishi humo na kulipia kodi ya ardhi. Avipige chapa na kuvitunza mapema. Simu zinapotea.



---

#8 Ripoti_ya_Thamani

Nizungumzie thamani ya kupuliza, maana ndiyo inayotoka kwenye jalada la mtu mmoja na kuingia kwenye bei ya mtaa mzima.

Mthamini anapima nyumba kwa kulinganisha na mauzo ya karibu. Huku kwetu mauzo halisi ni magumu kuyapata kwa sababu watu wengi huandika bei mbili: ndogo kwa ajili ya kodi ya ongezeko la mtaji na ushuru wa stempu, kubwa kwa ajili ya benki. Mthamini anabaki na bei za madalali, ambazo ni bei za kuombea (anazotaja muuzaji kabla ya mapatano), na ripoti za nyuma za mtaa ule ule. Sasa ripoti moja ikisema milioni 200 kwa nyumba ya 120, inayofuata inaitumia kama mfano. Ya tatu inazitumia zote mbili. Ndani ya muda mfupi kila mwenye nyumba Moshono anaamini yake ni ya 200, na kijana anayetafuta nyumba ya kwanza anaambiwa "ndiyo bei ya huku".

Kisha mikopo ile inaanza kufa. Chukua ule mkopo wa milioni 140, riba asilimia 17, miaka 15: rejesho ni kama milioni 2.15 kwa mwezi. Mkopaji aliyeandikiwa mshahara wa uongo hawezi. Nyumba inapigwa mnada kwa bei ya haraka, tuseme milioni 90. Benki imepoteza 50 kabla ya gharama za dalali na wakili. Na mnada wenyewe unakuwa mfano mpya wa kulinganisha, safari hii wa kushusha. Jirani aliyekopa kwa haki, analipa kila mwezi, anaona thamani ya dhamana yake inashuka na ombi lake la kuongeza mkopo linakataliwa.

Ukisoma ripoti ya uthamini, nenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa mifano ya kulinganisha. Mifano iwe mitatu au zaidi, iwe na tarehe, namba ya kiwanja na ukubwa. Ikiwa imeandikwa tu "soko la Njiro ni shilingi kadhaa kwa mita ya mraba", ripoti hiyo haijasema kitu. Angalia kama thamani ya kuuza kwa haraka imetajwa. Angalia picha: lazima iwepo inayoonyesha barabara na nyumba ya jirani, maana picha ya sebule inaweza kupigwa popote. Jina la mthamini lihakikiwe kwa Bodi ya Usajili wa Wathamini, iliyopo chini ya sheria ya 2016. Benki ndiyo imchague mthamini. Mkopaji akija na ripoti mkononi, benki makini inaagiza nyingine.

Siku hizi nipo macho zaidi na Olmoti na maeneo yanayoizunguka, kwa sababu ya uwanja unaojengwa kwa ajili ya AFCON 2027. Bei za kuombea zimekimbia. Rehani inayopimwa kwa bei ya matumaini ina kasoro tangu siku ya kwanza, hata kama hakuna aliyekusudia kudanganya.

---

#9 Bint_Longuo

Je, tunaweza kufika walikofika Marekani 2008, soko la nyumba lilipoanguka? Maana kule nako ilianza na mishahara ya uongo kwenye fomu.

---

#10 JiweLaMpaka

Kwa ukubwa ule, hapana. Kule FBI ilitahadharisha kuhusu udanganyifu wa rehani mapema 2004, mikopo ikaendelea kutolewa bila kuthibitisha kipato, ikafungwa pamoja na kuuzwa kama dhamana za uwekezaji dunia nzima. Bei za nyumba zilishuka zaidi ya robo kitaifa kati ya 2006 na 2012. Aliyetoa mkopo alikuwa ameshauuza, hivyo hakuwa na haja ya kujali kama utalipwa.

Tanzania mikopo yote ya nyumba haifiki asilimia 1 ya pato la taifa. Benki nyingi zinabaki na mkopo zilioutoa, na kampuni ya TMRC, iliyoanzishwa 2010, inazikopesha benki fedha za muda mrefu kwa dhamana. Hatuwezi kuanguka kutoka ghorofa ambalo hatujalijenga.

Madhara yetu ni ya aina nyingine. Benki iliyoumizwa mara kadhaa na hati za mtaa fulani haitangazi, inaacha tu kupokea hati za mtaa huo. Inapandisha riba. Pointi moja ni fedha nyingi: mkopo wa milioni 60 kwa miaka 15, riba ikitoka 17 kwenda 18, rejesho linaongezeka takribani 43,000 kwa mwezi, kama milioni 7.7 kwa muda wote. Mwalimu wa Ngaramtoni analipa hiyo kwa sababu ya watu asiowajua. Wengine wanaacha kabisa na kujenga kwa fedha taslimu, tofali kwa tofali, miaka kumi. Mapagala yote yale kati ya Kisongo na Ngaramtoni yana sababu nyingi, na hii ni mojawapo.

Halafu kuna nyumba zilizofungwa na kesi. Mke anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba au Mahakama Kuu kupinga rehani, zuio linatolewa, nyumba haiuziki, haipangishwi vizuri, paa linaanza kuvuja. Zikiwa tatu mtaa mmoja, mtaa mzima unapata jina baya.

---

#11 Neema_wa_Sakina

Na anayenunua mnadani? Bei zinavutia sana.

---

#12 Kaveti

Kifungu cha 135 cha Sheria ya Ardhi kinamlinda mnunuzi wa nia njema, lakini ulinzi huo si wa kulala usingizi. Aliyejua kasoro, au aliyeonyeshwa akafumba macho, hawezi kuutegemea. Na hata mwenye haki anaweza kukaa miaka mahakamani kabla ya kuingia ndani.

Kabla ya mnada omba benki au dalali wake akuonyeshe notisi ya siku 60 na uthibitisho wa kupokelewa, tangazo la siku 14, hati ya ridhaa ya mwenza, na rehani iliyosajiliwa. Fanya sechi. Uliza masjala ya Baraza na ya Mahakama Kuu kama kuna shauri lenye jina la mkopaji. Pita kwenye nyumba mchana, ongea na aliyemo. Mama akikwambia "mimi sikusaini chochote", umeshajulishwa, na huwezi kusema baadaye kwamba hukujua. Kwa kawaida masharti ya mnada yanadai asilimia 25 papo hapo na iliyobaki ndani ya siku 14, kwa hiyo ukaguzi wote uishe kabla ya nyundo.

---

#13 Tumaini_K

Swali la mwisho kutoka kwangu. Mke ambaye jina lake halimo kwenye hati, anahisi mume anaandaa mkopo kwa siri. Afanye nini leo, kabla mambo hayajaharibika?

---

#14 Kaveti

Aweke kaveti. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinampa maslahi kwenye nyumba ya ndoa yanayoweza kulindwa kwa njia hiyo, hata jina lake lisipokuwemo.

Aende ofisi ya Msajili wa Hati na namba ya hati au namba ya kiwanja na kitalu, cheti cha ndoa, kitambulisho cha NIDA, na kiapo kilichoandaliwa na wakili kikieleza kwamba nyumba ile ni ya ndoa na anaishi humo. Asiye na cheti asikate tamaa: kifungu cha 160 cha sheria hiyo hiyo ya ndoa kinatambua dhana ya ndoa kwa walioishi pamoja miaka miwili au zaidi kama mke na mume, ila kiapo kiwe na maelezo zaidi, na barua ya serikali ya mtaa na vyeti vya watoto vitasaidia. Analipa ada, anadai nakala yenye muhuri na tarehe. Msajili atamjulisha mume, kwa hiyo ajiandae kwa hilo nyumbani. Awe na mtu wa kumsimamia, shangazi au mshenga.

Nyumba ikiwa haina hati, kaveti haiwezekani. Hapo aandike barua kwa mtendaji wa mtaa au kijiji, na nakala kwa meneja wa kila benki na SACCOS anayodhani mume atakwenda. Kila nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na muhuri wa kupokelewa haina kazi mahakamani, kwa hiyo asiondoke kaunta bila huo muhuri.